Kumiliki Kitu Kilichotengenezwa kwa Ustadi: Kamera, Pembe za Ndovu na Ardhi ya Kailo

Mvuto wa kumiliki kamera na lenzi ghali zilizotengenezwa kwa ustadi ni sehemu ya swali pana la maadili: kitu kizuri kinampa nini mwenye nacho, na mwenye nacho anawiwa nini kwa sababu ya kuwa nacho? Swali hili halimhusu tajiri peke yake. Humhusu mpiga picha anayejinyima miaka kadhaa ili anunue lenzi moja, anayenunua lenzi hiyohiyo na kuifungia kabatini, fundi aliyeing'arisha, na hata mchimbaji aliyetoa ardhini madini yaliyoingia ndani yake.

Kailo, katika jimbo la Maniema, jirani na mji wa Kindu, ni mahali panapofaa kulichunguzia swali hili, kwa sababu mbili. Ya kwanza imo ardhini. Kailo huchimbwa wolframu na kasiteriti, yaani mawe yenye bati, na madini ya aina hii ni sehemu ya kila kifaa cha kisasa cha elektroniki, kamera ikiwemo. Ya pili imo katika historia ya watu. Katika nchi ya Walega, inayopakana na Kailo upande wa mashariki, chama cha Bwami kilijenga kwa vizazi vingi mafundisho kamili kuhusu nani anastahili kumiliki kitu kizuri, kwa masharti gani, na hadi lini. Sehemu chache duniani zimelifikiria jambo hili kwa kina kama Maniema ilivyolifikiria.

Uzuri ulio ndani ya kitu

Lenzi bora huanzia kwenye tanuri. Mwaka 1884 mkemia Otto Schott, akishirikiana na Ernst Abbe na Carl Zeiss, alianzisha mjini Jena, Ujerumani, maabara ya kutengeneza vioo vya aina mpya, kwa sababu vioo vya zamani havikuweza kuzikusanya vizuri rangi za mwanga mahali pamoja. Tangu wakati huo kazi ya lenzi imekuwa kazi ya subira. Kioo hupozwa polepole ili kisibaki na mkazo ndani yake. Hukatwa, husagwa, kisha hung'arishwa mpaka uso wake usipishane na umbo lililokusudiwa hata kwa urefu wa wimbi moja la mwanga, kipimo kilicho chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Hupakwa tabaka nyembamba za kupunguza uakisi wa mwanga, mbinu ambayo Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss aliipatia hataza mwaka 1935. Mwisho, vipande vya kioo, ambavyo huweza kuwa sita, kumi au zaidi, hupangwa ndani ya mrija wa chuma ili vitovu vyao vyote vikae kwenye mstari mmoja.

Anayeishika lenzi ya namna hiyo huihisi kazi hii hata kama hajui jinsi ilivyofanywa. Pete ya kulengea huzunguka kwa uzito uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Hailegei wala haikwami. Namba za umbali zimechongwa kwenye chuma kisha zikatiwa rangi, kwa hiyo vidole havizifuti. Hakuna sehemu inayocheza.

Sifa zinazowavutia watu katika vifaa hivi ni nne. Ya kwanza ni kutimiza kusudi: lenzi nzuri hufanya barabara kile ilichotengenezewa. Ya pili ni kudumu. Kamera ya Leica M3, iliyotolewa mwaka 1954, ilikuja na mfumo wa kufungia lenzi ambao kampuni hiyo inautumia hadi leo. Lenzi iliyotengenezwa wakati Kongo ilipokuwa bado koloni la Ubelgiji yaweza kufungwa leo kwenye kamera ya dijitali na kupiga picha. Ya tatu ni uangalifu wa mwanadamu uliomo ndani ya kitu: kukishika ni kukutana na mtu ambaye hakufanya haraka. Ya nne ni jina na hadhi, yaani vile watu wengine watakavyomwona mwenye kifaa.

Sifa tatu za kwanza zimo ndani ya kitu chenyewe. Ya nne iko machoni pa watu. Tatizo la maadili huanza pale ambapo ya nne inapojificha nyuma ya tatu za mwanzo, hata mwenye kitu asijue tena anapenda nini.

Uzuri ulio machoni pa watu

Mwezi Juni 2022, kwenye mnada mjini Wetzlar, kamera moja ya Leica ya mfululizo wa majaribio wa mwaka 1923 iliuzwa kwa euro milioni 14.4. Ilikuwa imemilikiwa na Oskar Barnack mwenyewe, fundi aliyebuni kamera za Leica. Kwa kupiga picha, kamera ya bei ndogo ya leo inaishinda mbali. Bei ile ililipia uchache, historia na jina.

Mwanauchumi wa Marekani Thorstein Veblen, katika kitabu chake The Theory of the Leisure Class cha mwaka 1899, alilieleza jambo hili kwa mfano wa vijiko viwili: kimoja cha fedha kilichofuliwa kwa mkono, kingine cha metali ya bei rahisi, kama alumini, kilichotolewa na mashine. Vyote hufanya kazi ileile. Kwa maoni yake, watu hukiona cha kwanza kuwa kizuri zaidi kwa kiasi kikubwa kwa sababu wanajua ni ghali, na jicho likizoea hivyo hushindwa kutenganisha uzuri na gharama. Hoja hii ina uzito. Mpenzi wa lenzi anayesifu namna picha zake zinavyotoka huenda asiweze kuzitambua picha hizo zikichanganywa na za lenzi ya bei ya kawaida.

Hata hivyo Veblen hakumaliza jambo. Kama gharama ndiyo ingekuwa chanzo pekee cha mvuto, fundi asiyeweza kununua kitu hicho asingekisifu. Lakini mafundi ndio wanaokisifu zaidi. Fundi wa saa, wa baiskeli au wa redio akipewa kitu kilichotengenezwa vizuri hukigeuza mkononi, hukifungua na kukitazama kwa furaha, wala hatarajii kuonekana nacho barabarani. Furaha hiyo hutokana na kutambua kazi njema. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii inakubali kwamba ubora upo hata pasipo wa kuutangaza.

Karl Marx aligusa upande mwingine katika kitabu chake Das Kapital cha mwaka 1867. Alionyesha kwamba bidhaa ikishafika sokoni huonekana kana kwamba thamani yake imeota ndani yake yenyewe, na kazi ya watu walioitengeneza husahaulika. Kwa vifaa vya anasa hoja hii ina sura ya pekee, kwa maana kazi ya baadhi ya watu hutangazwa na ya wengine hufichwa. Kampuni za lenzi huonyesha kwa fahari mikono ya mafundi wao wakisafisha kioo. Mikono iliyopasua mwamba haionyeshwi.

Mafundisho ya dini

Maniema ni moja ya sehemu za Kongo ambako Uislamu ulitia mizizi mapema, kupitia misafara ya wafanyabiashara wa pwani waliokaa Nyangwe na Kasongo katika nusu ya pili ya karne ya 19. Ukristo ulifuata. Dini zote mbili zina neno juu ya mali nzuri, na hakuna inayosema kwamba uzuri wa kitu ni dhambi.

Katika Uislamu, Al-Ghazali (1058–1111), katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din, alieleza kwamba zuhudi, yaani kutoshikwa na tamaa ya mali, ni hali ya moyo. Mtu aweza kukosa mali na moyo wake ukawa mtumwa wa mali. Mwingine aweza kuwa nayo na isimshike. Uislamu pia umeweka mpaka wa israfu, na umetoa njia ya wakfu, ambayo kwayo mali hufungwa isiuzwe wala kurithiwa, na manufaa yake yakaendelea kuwafikia watu. Wakfu unaonyesha kwamba kumiliki kunaweza kugeuzwa kuwa kuwatunzia wengine.

Katika Ukristo, mafundisho ya uwakili yanasema mwanadamu ni msimamizi wa vitu ambavyo mwenyewe hasa ni Mungu, naye atatoa hesabu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba alivyo mtu ni jambo kubwa kuliko alivyo navyo, na kwamba mali ya dunia imekusudiwa watu wote. Fundisho hili halifuti haki ya kumiliki. Linaiwekea haki hiyo deni.

Kabla ya dini hizi, Aristotle alikuwa amesema kwamba utajiri umo zaidi katika kutumia vitu kuliko katika kuwa navyo. Al-Ghazali, Mtaguso na Aristotle wanakubaliana katika jambo moja: kitu kizuri hukamilika kupitia uhusiano wake na watu, na mwenye nacho huhukumiwa kwa uhusiano huo.

Bwami: kitu kizuri na mtu anayekistahili

Walega hawakuwa na mfalme. Chama cha Bwami ndicho kilichowaunganisha, nacho kilikuwa shule ya maadili ya maisha yote. Wanaume walipanda madaraja matano, kuanzia Kongabulumbu hadi Kindi. Wanawake walikuwa na madaraja yao matatu, yaliyoambatana na ya waume zao. Mwanaanthropolojia wa Ubelgiji Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kati ya Walega mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliyaeleza mafundisho hayo katika kitabu chake Lega Culture cha mwaka 1973, na katika jina refu la kitabu hicho aliyaita falsafa ya maadili.

Kila daraja lilikuwa na vitu vyake. Wa Yananio, daraja la nne, walikuwa na vinyago vidogo vya mbao vinavyoitwa lukwakongo. Wa Kindi, hasa wale wa ngazi ya juu kabisa, walikuwa na sanamu za pembe za ndovu zinazoitwa maginga. Sanamu hizi nyingi huenea kiganjani. Uso huchongwa kwa mistari michache, macho mara nyingi ni vitobo vya duara, na mwili umefupishwa. Uso wa pembe hung'aa kwa rangi ya asali iliyoiva, kwa sababu wenye sanamu walizisugua kwa mafuta na manukato, kama walivyoipaka miili yao siku za sherehe. Mng'ao huo ni alama ya matumizi ya miaka mingi. Sanamu mpya haikuwa nao, na hapakuwa na njia ya kuupata kwa siku moja.

Vitu hivi havikuwa pambo la nyumba. Vilikaa ndani ya mfuko au kikapu, vikatolewa wakati wa kumwingiza mwanachama mpya. Hapo vilishikwa, vikachezewa ngoma, vikapangwa chini, na kila kimoja kikaimbiwa methali iliyofunua maana yake. Sanamu ya Sakimatwematwe, yenye vichwa vingi, humfundisha mwanachama juu ya mzee anayetazama pande zote kabla ya kuamua, asiyehadaiwa na upande mmoja wa kesi. Nyingine zilionyesha tabia mbaya ili ziepukwe. Mtu ambaye hajafundishwa angeweza kuiona sanamu hiyohiyo na asipate chochote zaidi ya umbo.

Masharti ya kumiliki yalikuwa wazi. Kwanza, kitu hakikununuliwa sokoni. Kilifuata daraja, na daraja lilifuata mwenendo. Aliyetaka kupanda alihitaji kuungwa mkono na ndugu, na akina mjomba wake miongoni mwao, na kuonyesha kwamba ni mtu mtulivu, mkarimu na mwenye kuheshimu wenzake. Pili, kitu kilikuwa dhamana. Mwenye nacho alipofariki, kiliwekwa kwenye kaburi lake kwa muda, kisha kikahifadhiwa na mtu wa ukoo mpaka apatikane mrithi aliyefika daraja linalostahili. Kwa hiyo kila sanamu ilikuwa na mlolongo wa watu nyuma yake, na aliyeishika aliwiwa na wote waliomtangulia na watakaomfuata. Tatu, thamani ya kitu ilikuwa katika mafundisho yaliyokizunguka.

Bwami haikuwa bila kasoro. Kupanda daraja kulihitaji zawadi na karamu, kwa hiyo asiye na mali wala ndugu wengi alipata shida. Mwanamke hakuweza kufika juu bila mume aliye juu. Pembe zenyewe zilitoka kwa ndovu aliyeuawa. Lakini kwa swali lililoulizwa hapa, Bwami ilitoa jibu ambalo Veblen hakulifikiria. Ilikubali waziwazi kwamba kitu kizuri ni alama ya hadhi, kisha ikaifungamanisha hadhi na wema. Mtu hakuwa bora kwa kukipata kitu. Alikipata baada ya kujengwa kuwa bora, na kitu kikamkumbusha asirudi nyuma.

Kilichotokea soko lilipoingia

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliipiga marufuku Bwami. Kabla ya hapo pia ilikuwa ikitazamwa kwa shaka na wasimamizi na baadhi ya wamisionari. Uchongaji wa pembe ulififia, na sanamu nyingi zikaondoka: nyingine zilichukuliwa, nyingine ziliuzwa, nyingine zilihamia kwenye majumba ya makumbusho kama lile la Tervuren, karibu na Brussels. Huko ziliwekwa nyuma ya kioo. Umbo lilibaki, lakini methali, ngoma na mlolongo wa warithi vilikatika.

Mmoja wa wakusanyaji wakubwa wa sanaa ya Walega alikuwa Jay Last (1929–2021), mwanafizikia wa Marekani. Mwaka 1957 alikuwa miongoni mwa watu wanane walioanzisha kampuni ya Fairchild Semiconductor huko California, na baadaye aliongoza kikundi kilichotengeneza chipu za kwanza za silikoni zenye sakiti nzima ndani yake. Mkusanyiko wake ulikwenda kwenye Jumba la Makumbusho la Fowler la Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambako umma unaweza kuuona na watafiti kuuchunguza. Kigae cha silikoni kinachopokea mwanga ndani ya kamera ya dijitali kinatoka katika ukoo wa ufundi ambao Last alisaidia kuuanzisha. Mtu aliyeelewa kuliko wengi jinsi kitu kidogo kinavyoweza kubeba kazi kubwa alivutwa na sanamu ndogo za Maniema.

Mvuto huo ulikuwa wa kweli, na kutoa mkusanyiko kwa umma ni tendo jema. Hata hivyo tofauti kati ya mkusanyaji na mzee wa Kindi inabaki. Mkusanyaji humiliki kwa sababu anapenda na anaweza kulipa. Mzee alimiliki kwa sababu jamii yake ilimwona anafaa. Anayenunua lenzi ghali leo yuko upande wa mkusanyaji: hakuna baraza linalomuuliza kama anaistahili. Ikiwa swali hilo litaulizwa, itabidi ajiulize mwenyewe.

Ardhi ya Kailo ndani ya kamera

Uchimbaji mkubwa wa bati Maniema ulianza enzi za ukoloni. Kampuni ya Symétain, iliyoundwa miaka ya 1930, ilikuwa na kituo chake kikuu Kalima, na mwaka 1976 iliunganishwa na nyingine kuwa SOMINKI. Kampuni hiyo ilipoanguka miaka ya 1990, mashimo yalibaki mikononi mwa wachimbaji wadogo. Kazi yao ni ya mikono. Mwamba hupasuliwa kwa nyundo na patasi, mawe hupondwa, mchanga huoshwa kwa maji ya kijito, na madini meusi yaliyo mazito hubaki chini maji yakichukua yaliyo mepesi. Magunia huuzwa kwa wachuuzi, wachuuzi huyapeleka kwenye nyumba za kununulia madini, na kutoka hapo husafirishwa nje ya nchi hadi kwenye viyeyushio.

Madini ya aina hii huingia katika kamera kwa njia kadhaa. Bati ndilo linalolehemu vipande vya elektroniki kwenye ubao wake. Tantalamu, itokanayo na koltani inayochimbwa pia mashariki mwa Kongo, hutumika kwenye kapasita ndogo zinazotunza umeme. Oksidi za tantalamu na niobiamu, ambazo zote hupatikana katika koltani, huchanganywa kwenye baadhi ya vioo vya lenzi ili vipinde mwanga kwa nguvu zaidi bila kuongeza unene. Wolframu hutengeneza kabidi ngumu ya vifaa vya kukatia chuma, na kwa vifaa hivyo miili ya kamera na mirija ya lenzi huchongwa kwa usahihi. Hakuna anayeweza kusema kwamba punje fulani ya Kailo imo ndani ya lenzi fulani, kwa kuwa madini ya nchi nyingi huyeyushwa pamoja. Lakini hiyo haiondoi deni. Hulifanya kuwa deni la wote wanaomiliki vifaa hivi kwa wote wanaochimba.

Juhudi za kulikabili deni hilo zimekuwepo, na zimefundisha jambo. Mwezi Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kilizitaka kampuni zieleze kama bati, tantalamu, wolframu na dhahabu zinazozitumia zinatoka Kongo na nchi jirani. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, hadi Machi 2011. Lengo lilikuwa kuyakatia makundi yenye silaha mapato. Lakini familia zilizoishi kwa nyundo na karai zilipoteza ada ya shule na fedha za dawa kwa wakati mmoja. Tangu 2021 Umoja wa Ulaya nao unawataka waagizaji wachunguze asili ya madini hayo.

Fundisho la kimaadili ni kwamba kujitenga hakutoshi. Anayeamua kutonunua chochote chenye madini ya Kongo hubaki na mikono safi machoni pake, lakini mchimbaji hubaki bila mnunuzi. Haki inadai jambo gumu zaidi: kununua kwa njia inayojulikana na kwa bei inayomfikia aliyechimba.

Katika historia ya lenzi yenyewe kuna mfano wa mtu aliyelielewa deni la namna hii. Ernst Abbe, baada ya kifo cha Carl Zeiss mwaka 1888, alianzisha mfuko wa Carl Zeiss mwaka 1889 na miaka miwili baadaye akaukabidhi hisa zake. Kanuni za mfuko huo ziliwapa wafanyakazi likizo ya malipo na sehemu ya faida, na mwaka 1900 kiwandani ilianza siku ya kazi ya saa nane. Abbe alikuwa mmiliki, akaukataa umiliki wake ili kazi nzuri iwe na haki ndani yake. Ni tendo ambalo Mwislamu wa Kasongo angelitambua kwa urahisi kuwa jirani wa wakfu. Kilichobaki ni kwamba haki hiyo iliishia kwenye mlango wa kiwanda. Kuifikisha hadi Kailo ni kazi ambayo haijakamilika.

Matumizi na utunzaji

Hali ya hewa ya Maniema ina somo lake juu ya kumiliki. Katika nchi ya msitu yenye unyevu mwingi, lenzi inayofungiwa ndani ya mfuko wa ngozi gizani huota ukungu. Nyuzi zake nyeupe huanzia pembeni mwa kioo na kutambaa kuelekea katikati, na asidi zinazotoa hula tabaka lililopakwa juu ya kioo. Ukungu ukishafika hapo, hata fundi akiusafisha, alama hubaki. Kinga yake ni hewa kavu, mwanga na kutumiwa mara kwa mara. Lenzi inayotolewa kila wiki kupiga picha za harusi, ubatizo au maulidi haiko katika hatari kama ile iliyofichwa ili isichakae.

Historia ya upigaji picha katika Kongo na Afrika Mashariki pia inaonyesha kwamba kifaa hupata heshima kutokana na kazi. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928, alinunua kamera ndogo aina ya Adox mwaka 1950 kwa ajili ya picha za harusi yake. Alikuwa akitengeneza baiskeli, saa na kamera, kwa hiyo alivijua vifaa kwa ndani. Kutokana na mwanzo huo mdogo alikuja kuwa mpiga picha wa mwanamuziki Franco Luambo na shahidi wa usiku wa Kinshasa, na picha zake ni hazina ya Kongo. Mohamed Amin (1943–1996), mzaliwa wa Nairobi, alikuwa na vifaa vya hali ya juu, lakini dunia inamkumbuka kwa picha za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 alizozipeleka mbele ya watu waliotaka kutazama kwingine. Mwaka 1991 mlipuko mjini Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto, naye akarudi kazini. Kwa watu kama hawa ubora wa kamera ni sehemu ya uaminifu: aliyebeba ushuhuda wa wengine hana ruhusa ya kuubeba katika chombo kibovu.

Hapa ndipo sababu halali ya bei kubwa inapoonekana. Kifaa kinachodumu miaka 50, kinachoweza kufunguliwa na kutengenezwa, kinachopita kutoka kwa baba hadi kwa binti, huwaheshimu fundi na mchimbaji kuliko kifaa rahisi kinachotupwa baada ya miaka miwili na kudai madini mengine ardhini. Bei yake ikilipia uimara huo, si israfu. Ikilipia jina peke yake, ni israfu hata kama mnunuzi ana fedha za kutosha.

Vigezo vya umiliki mwema

Kutokana na yote haya, umiliki wa kitu kilichotengenezwa kwa ustadi unaweza kupimwa kwa vigezo vinne. Cha kwanza ni maarifa: mwenye kitu ajue kimetengenezwaje, na nani, kwa malighafi ya wapi, kama mwanachama wa Bwami alivyopaswa kujua methali za sanamu yake. Cha pili ni kazi: kitu kitumike kwa kusudi lake na manufaa yawafikie wengine. Cha tatu ni urithi: kitunzwe kama dhamana, kwa kuwa kitu kinachodumu kuliko mtu hakiwezi kuwa chake peke yake. Cha nne ni uhuru: mwenye nacho aweze kukiachilia bila kuvunjika, jambo ambalo Al-Ghazali alilitafuta moyoni na Abbe alilitenda kiwandani.

Mvuto wa lenzi nzuri, basi, hauhitaji kuonewa aibu. Ni jibu la kweli la binadamu mbele ya kazi iliyofanywa kwa upendo na subira. Lakini mvuto huo peke yake haumfanyi mtu kuwa mwema, wala bei haimpi haki ya kumiliki. Walega waliweka utaratibu: kwanza mtu ajengwe, ndipo kitu kimfuate. Katika dunia ambako kitu hununuliwa kabla ya mtu kujengwa, wajibu wa mmiliki ni kuifanya kazi hiyo baada ya kununua, akianza na kuwatambua kwa haki wale ambao mikono yao ilikitoa kitu hicho ardhini.